Usiuze Friza, Dada

Changamwe, Mombasa
Jumatano mchana

Kwa dada yangu Dhahabu,

Shikamoo dada. Najua hujaitika, lakini mimi nimeshaamkia, sasa kazi ni yako. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na mama, na kwamba goti lake limetulia na mvua hizi. Ukiuliza habari zangu, mwili haujambo, mashavu yamejaa, na wasichana wa Changamwe kwa siku tatu tu wameshanipa jina la kunitania ambalo adabu hainiruhusu kuliandika. Moyo ndio haujakaa mahali pake, na sababu utaiona huko mbele.

Naandika kwa mkono kwa kuwa simu yangu umeifunga. Usikatae. Nikikupigia kwa laini yangu inakata hapo hapo. Nikiazima simu ya mtu inaita vizuri, mpaka naogopa mwenyewe na kukata kabla hujasema halo. Basi nimenunua karatasi, na barua nitampa Valarie wa chumba cha tatu, mpangaji mwenzetu wa ploti ya Likoni, anayekuja huko kwenu Kaloleni Jumamosi arusini. Mwandiko uuvumilie. Shule niliiacha kidato cha pili, ijapokuwa kidato cha pili changu mimi ni chuo kikuu cha watu wengine.

Mama ameniambia kwamba Gona amefika huko nyumbani na mashine ya kuchimba sarafu za mtandaoni, ameitandikia kanga mezani kama bibi arusi, na kwamba wewe umeshapata mnunuzi wa friza yako ili umpe Gona hizo pesa, mashine iwe yako. Dada, usiuze friza. Hata ukiamua kuichana barua hii hapa ulipofika, neno hilo lishike. Usiuze friza.

Ile mashine naijua kuliko ninavyoijua nywele ya kichwa changu. Nusu yake ni yangu. Tuliinunua mwezi wa pili hapa hapa Changamwe, kwa mtu anayeuza vyombo vya mitumba vya ofisini, mimi na Gona, yule yule tuliyekaa naye dawati moja mpaka darasa la nane. Yeye akaendelea akamaliza kidato cha nne na kozi ya kompyuta, mimi nikaingia kutengeneza simu, lakini tukabaki ndugu. Ndivyo nilivyodhani. Akaniambia Kizungu cha mashine atakisoma yeye, mikono niwe mimi. Mikono yangu unaijua. Hakuna simu iliyozama kivukoni nikashindwa kuifufua.

Sasa sikiliza fundi akufundishe bure. Jambo la kwanza ni umeme, na Gona hatakutajia hata umkamue. Ile ni mashine kuukuu. Ukiiwasha mchana na usiku inakula uniti thelathini na moja kwa siku. Friza yako, na ukubwa wake wote ule, inakula moja na nusu. Kwa bei ya tokeni za sasa, mashine inakunywa kama shilingi mia tisa kwa siku, na inachochimba hakifiki mia. Muulize Gona akupigie hesabu hiyo mbele ya mama, umwangalie macho. Atakwambia bei ya sarafu itapanda. Mwambie ikipanda arudi.

La pili ni ndani ya mashine. Kuna bodi tatu, ndizo zinazochimba. Mwambie aiwashe, afungue ukurasa wake kwenye simu, akuonyeshe bodi zote tatu zinasoma. Asikubabaishe na taa ya kijani kwa nje. Taa ya kijani maana yake mtandao umeingia, si kwamba kazi inafanyika. Halafu iwe imezimwa na kuchomolewa, mwambie afungue kifuniko, mmulike kwa tochi pale waya zinapochomekwa. Mtaona kutu ya kijani kama ukungu wa mkate. Hiyo ni chumvi, na aliyeitia ni mimi. Kule kwetu Likoni nyumba zinaungua joto, na mashine hiyo ikipata joto inajizima yenyewe. Basi mimi kwa ujanja wangu nikaitobolea dirisha upande wa bahari, nikafunga feni mbili zivute upepo ndani. Nilijisifu wiki nzima. Ilikuwa inapoa kama maji ya mtungi! Mwezi wa tano bodi ya kwanza ikafa, kwa sababu upepo ule niliokuwa nauita wa bure ulikuwa umebeba bahari yote. Nikazisugua zilizobaki kwa mswaki na spiriti, nikazikausha, zikaenda siku nne, ya pili nayo ikazima. Anachokuuzia Gona ni bodi moja na makaburi mawili. Na usithubutu kuichomeka kwenye ekstensheni. Yangu ililainika kama muhogo uliochemka, nusura tuungue sote.

Utauliza mbona hukuiona hiyo mashine na wewe ulikuwa ukikaa ploti ile ile. Uliiona dada. Ni lile sanduku la kelele kwenye stoo ya nyuma, nililosema ni mtambo nilioubuni wa kukausha simu zilizoingia maji. Na kweli zilikauka! Ile hewa inayotoka nyuma ni ya moto kama jiko. Margaret wa chumba cha kwanza akawa anakuja na sare za wanawe wakati wa mvua, ananiambia kwa lafudhi yake ya Machakos kwamba Mungu amenipa kipaji, nami napokea sifa na sare. Hata simu yako mwenyewe niliikaushia pale ilipoangukia kwenye ndoo ya ukwaju. Nilikuwa naiwasha asubuhi watu wakienda kazini, naizima jioni wakirudi, ili kelele isiwachoshe.

Sasa nikwambie alivyonifanya Gona, maana hapa ndipo kalamu inapotaka kutoboa karatasi. Pesa za mashine hii huingia kwenye anwani, mstari mrefu wa herufi na tarakimu, na kila mtu ana wa kwake. Wangu niliuandika nikaubandika ukutani. Gona akaniambia nikitaka kuhakikisha, nitazame kwenye ukurasa wa mashine herufi nne za mwanzo tu, kwamba zikifanana basi mambo sawa. Kila asubuhi nikawa nazitazama, zinafanana, nalala usingizi wa tajiri. Nikimuuliza pesa mbona haziji, ananijibu kwamba mambo haya ni kama chama, zamu yetu haijafika. Nikasubiri zamu. Nimekaa nasubiri kuanzia mwezi wa pili mpaka wa tano, dada, mimi ambaye sijawahi kusubiri hata chai ipoe.

Siku bodi ya pili ilipokufa Gona hakuwapo, ikabidi niusome ule ukurasa wote mwenyewe, neno kwa neno kwa kidole. Nikafika kwenye anwani. Herufi nne za mwanzo, sawa. Sijui kitu gani kilinituma nikaendelea mpaka za mwisho. Hazikuwa zangu. Nikarudia mara tatu, nikabandua karatasi ukutani nikaiweka juu ya kioo cha simu. Baadaye nikaja kujua kwamba anwani za aina ile zote huanza vivyo hivyo, yangu, yake, na ya mtu asiyetujua aliye Uchina. Kila asubuhi nilikuwa nahakikisha mlango ambao ni wa kila mtu.

Nilimkuta kivukoni kwenye benchi la kahawa, anakula kaimati. Nilitarajia akatae, nilikuwa nimejiandaa kwa kukataa. Hakukataa. Alicheka mpaka sukari ikamdondoka kidevuni, akaniuliza kama nimekuja kumshtaki, na nikimshtaki nitaanzia wapi, kwa sababu umeme wenyewe nilikuwa nimeununua kwa nani? Akasema wewe Kaviha unawala wenzako, mimi nakula wewe, sasa kelele za nini? Watu wa kahawa wakacheka pamoja naye bila kujua wanachokicheka. Kesho yake nilipotoka kwenda kununua vipuri akaja akaichukua mashine, akamwambia Margaret anaipeleka kutengenezwa. Ndiyo hiyo mezani kwenu.

Dada, nililia. Ukimwambia mtu nitakana. Nilikaa kwenye kibanda cha viazi karai nikasema ni pilipili. Si kwa ajili ya pesa, maana nimezipigia hesabu zote alizokula, haziwezi kumnunulia mtu viatu vya maana. Ni vile alivyonijua. Alijua kwamba sina pa kwenda kulalamika, na alijua tangu siku ya kwanza.

Kwa sababu alichosema ni kweli, na hapa sasa naomba ukae kitako.

Unakumbuka tokeni za ploti, tunazochanga vyumba vyote sita kila wiki, zilivyoanza kuisha siku ya nne. Ukaitwa mkutano uani. Ukaambiwa imethibitika kwamba anayekula umeme ni friza yako, na uizime. Ukaamini ni Margaret aliyekuchongea kwa wivu wa biashara yako ya barafu, mkatupiana maneno pale penye tangi la maji mpaka majirani wakapanda ukutani kutazama. Na mimi ulinitazama. Ulinitazama kama mtu anayesubiri ndugu yake aseme neno moja tu, na mimi nikawa nahesabu vidole vya miguu yangu. Ukahamia kwa mama na friza yako, na kwa kimya kile ukanifunga simu. Kimya kile kilikuwa ndicho kidogo.

Aliyekuchongea ni mimi. Siku mbili kabla ya mkutano Bi Kuluthum, mwenye nyumba wetu, aliniita sebuleni kwake akanimiminia chai ya tangawizi. Akaniambia mwanangu, wewe wayajua mambo ya umeme, tokeni zaisha kabla ya wiki, niambia kweli ni nani azilao. Ningeweza kusema sijui. Nikaweka kikombe chini, nikajitia utaalamu, nikasema ni friza ya Dhahabu, mpira wa mlango umechakaa, mota hailali, nusu ya umeme wa ploti inapotelea mle. Ule mpira wa mlango niliubadilisha mimi mwenyewe Krismasi. Bi Kuluthum akanishukuru, akaahidi kutolitaja jina langu asije akawafitinisha watoto wa tumbo moja. Akaitunza ahadi yake, maskini, na Margaret akabeba mzigo.

Siku ulipoizima friza, barafu zote za ukwaju na za ubuyu uliwagawia watoto wa madrasa kabla hazijayeyuka. Uliniita na mimi. Nilikula mbili.

Jumapili nimekwenda kwa Bi Kuluthum nikamwambia yote. Nilianza na habari za Gona, jinsi alivyonidhulumu, nikidhani atanihurumia kidogo, na yeye akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama Dhahabu anajua. Nikasema hapana. Akawaita wapangaji wote uani, na safari hii akanisimamisha nikasema kwa mdomo wangu. Mume wa Valarie alitaka kunipiga, wakamzuia, ingawa hawakumzuia kwa bidii sana. Bi Kuluthum hakupaza sauti. Alisema nipishe ploti yake kabla ya Alasiri, na kwamba chumba chako hajakipangisha, wala hatakipangisha mpaka asikie kutoka kwako. Tokeni nilizowalia wameniandikia, nitazilipa kidogo kidogo kwa kazi ya simu, hiyo ni shughuli yangu nao, isikuhusu.

Margaret amenituma ujumbe, nauandika kama alivyousema. Hakuombi radhi, kwa sababu hana kosa. Hataki uende kwake na mkono wa pole. Anachotaka ni ujue tu kwamba hakusema.

Basi ndiyo sababu niko Changamwe, nimepata meza ya simu karibu na maegesho ya malori, nalala kwa fundi mwenzangu. Sikuombi unifungulie laini. Ningekuwa wewe ningeinunulia na kufuli. Ninachokuomba ni hiki: yule mnunuzi mwambie umeghairi, tafuta pikapu, rudi Likoni na friza yako uichomeke mchana kweupe watu wote wakiwa uani. Mtakuwa mmebaki vyumba vitano. Mimi sitakuwapo.

Gona mfukuze kwa heshima, mashine asiiache hapo hata siku moja. Hiyo nusu yangu siidai tena.

Msalimie sana mama, mwambie nakula vizuri. Wasalimie shangazi na watoto wake wote, na jirani wa ng'ambo ya barabara ambaye bado ananidai jogoo. Mama akikwambia umsomee barua hii, msomee. Ukifika pale penye chai ya Bi Kuluthum utataka kuruka, nakujua, utataka kunisitiri. Usiruke.

Ni mimi mdogo wako,
Kaviha