Jina Lililorukwa

4 Machi

Kitindamimba wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, cherehani nzima, ni macho tu yamenigomea. Vipi chumba chako cha kupanga, bado kinavuja?

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu simu yangu sitaki iwe bize. Hospitali walisema sote tunaongoja kupasuliwa, wa macho na wengineo, siku tutaambiwa kwa simu, na inayopiga ni kompyuta yenyewe, kwa zamu. Mimi ni wa arobaini na moja. Juzi wa arobaini kaitwa. Jana wa arobaini na mbili naye kaitwa. Hiyo kompyuta yenu imesoma shule gani?

Baba yako

15 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, paa limezibwa.

Ni kweli programu hiyo imetoka ofisini kwetu, ila mimi siitengenezi, naijaribu. Inapita kwenye orodha jina moja baada ya jingine. Umeme ukikatika, inatakiwa ikumbuke ilipofika, na ukirudi iendelee palepale, isimrudie mtu wala isimruke. Basi mimi naizima makusudi ikiwa kazini, naiwasha, naangalia. Niliizima mara mia tatu kabla ya kuweka sahihi yangu. Labda wamekupanga kwa daktari mwingine. Vuta subira, Baba.

Mwanao

27 Mei

Marahaba, kitindamimba. Natumaini u mzima. Utanisoma kwa shida, mistari yangu siku hizi inapandana.

Subira nimeivuta mpaka imekatika. Nilienda dirishani pale hospitali, binti akatazama kompyuta akasema, "Mzee, wewe ulishaitwa." Nikamwambia simu hii nalala nayo kifuani. Akasema kompyuta haidanganyi. Nikaona haya kubishana, maana ni kazi ya mwanangu hiyo. Nikarudi nyumbani.

Juzi nimemshonea mteja suruali, mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake. Alicheka, lakini hajarudi. Jicho la kushoto sasa linaona mwanga tu. Hebu niulizie huko, kama si taabu.

Baba yako

8 Juni

Baba,

Shikamoo. Sijui nikuulize hali kwa uso gani.

Nilisoma barua yako nimesimama, nikaenda moja kwa moja kwenye rekodi za majaribio. Programu ikichukua jina, inaliandika kuwa limeshaitwa kabla simu haijapigwa. Umeme ukikatika katika upenyo huo mdogo, ikiwaka inaanza na jina linalofuata. Yule wa kabla yake haitwi kamwe. Majina kumi na moja yamepotea hivyo, na lako limo.

Sasa lililo zito. Niliona. Katika majaribio yale mia tatu, moja liliruka jina. Nikalirudia, likapita. Nikalirudia tena, likapita. Ilikuwa Ijumaa, bosi anasubiri, nikajiambia ni bahati mbaya tu, nikasaini. Leo nimemweleza yote. Amefoka, lakini kosa limerekebishwa na majina yote yamerudishwa. Utaitwa Jumatatu. Baba, niambie kama umenisamehe.

Mwanao

30 Juni

Kitindamimba wangu,

Hujambo? Anayeandika hapa ni jirani yangu, mwalimu mstaafu. Mimi nasema, yeye anaandika. Ndiye aliyenisomea na barua yako, kwa sauti, maana mimi sikuweza.

Waliniita kweli. Daktari anasema jicho la kushoto ndiyo basi, la kulia atajaribu. Cherehani nimeiuza. Nimeumia, sikufichi. Lakini nimekusamehe, nisipokusamehe wewe nitamsamehe nani?

Ila kuna jambo. Mwalimu alipofika kwenye yale majina kumi na moja aliacha kusoma, nikadhani mwandiko umemshinda. Kumbe mkewe naye alikuwa akingoja simu hiyohiyo, apasuliwe moyo. Tulimzika mwezi wa nne. Mwalimu alikaa na karatasi yako mpaka chai ikapoa. Anataka kujua kama jina la marehemu lilikuwemo. Nimemwambia aulize mwenyewe, kalamu si anayo mkononi? Amekataa, anasema ataandika ninayosema mimi tu.

Basi nasema mimi. Barua ijayo iandike kwake, mwanangu, na umwambie ukweli.

Baba yako