Jeki ya Lori Uani Kwangu

Jumatatu, 3 Februari 1947

Imekubali! Jeki ile kuukuu ya lori la jeshi, niliyomsumbua ndugu yangu Mwidani mpaka akaniletea kutoka gereji yao Changamwe, leo imekamua nazi. Machicha nimeyatia kifumbuni, kile kikapu cha kukamulia tui, kifumbu nimekibana kati ya mbao mbili, nikazungusha. Tui lilivyotoka! Machicha ambayo mikono yetu ilikwisha kuyakatia tamaa. Wazo langu, mbao za kitanda cha marehemu mume wangu, chuma cha ndugu yangu. Mwidani akasema dada una akili ya kifundi. Nimecheka mpaka machozi. Mtoto wa mama ni mtoto wa mama.

Alhamisi, 6 Februari

Jirani yangu Dhahabu kanuna. Hapa Bofu mafuta ya nazi tunayapika kwa zamu — leo wote kwangu na mbuzi zao za kukunia, kesho kwake, na nyimbo na umbea juu. Leo wamekuja, wameiona jeki, mbuzi wakaziweka chini. Dhahabu akasema chuma hakirudishi zamu, eti mwenye chuma hatahitaji wenzake. Nikamjibu chuma hakiumwi mgongo. Wengine walicheka, yeye hakucheka. Wameondoka mapema, hata uji hawakunywa.

Jumanne, 11 Februari

Zamu ilikuwa kwa Mwanamkasi, tunayepakana ukuta. Nimesikia mbuzi zikikwaruza na nyimbo zikipanda. Sikuitwa. Haya!

Mwidani amenipoza. Bwana Shamba, yule mzungu wa kilimo, atakuja wiki ijayo na kibali cha kuwauzia mafuta watu wa kiwanda cha sabuni. Nikikipata, sitamtegemea mtu tena. Mimi sitoki mbele ya mgeni mwanamume, kwa hiyo Mwidani atanisemea. Atamwambia mtambo ni wa dada yake. Ameapa wallahi.

Jumatano, 19 Februari

Nimechovya kalamu mara tatu kabla ya kuandika.

Bwana Shamba barazani, mimi nyuma ya mlango. Kahawa nimeisukuma mpaka kizingitini tu. Mzungu akauliza mwenye mtambo ni nani. Nikatabasamu, nikangoja. Mwidani akasema: wangu. Wangu! Akaeleza alivyoumiza kichwa kuubuni. Mzungu akauliza, na hii nyumba? Akasema: ya dada, yeye hunisaidia tu kupika mafuta.

Nilitaka kupiga kelele. Sauti ya mwanamke isifike barazani — ndivyo tulivyolelewa, mimi na yeye, chini ya bibi mmoja. Alijua sitatoka. Hilo ndilo linaloniua!

Baadaye kaja na maneno ya asali. Ati mzungu asingempa mwanamke kibali, ati chake ni changu. Nikamuuliza, ulimjaribu? Akaomba kahawa nyingine. Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii nilikuwa nikiwaambia wengine.

Ijumaa, 21 Februari

Nimekwenda kwa Dhahabu. Salamu kaitikia. Hakuniambia keti.

Jumamosi, 22 Februari

Mwidani ametuma neno asubuhi: Bwana Shamba anakuja kuuona mtambo ukifanya kazi, kisha atie sahihi. Niwapishe. Nijifungie chumbani.

Nilikwisha kunyanyuka, jamani, kama punda aliyezoea njia. Kisha nikaketi. Mtambo umo uani, ua ni wa nyumba yangu, na humu hamna mwanamume. Mgeni haingii mpaka mwenye nyumba aitikie. Akipiga hodi mara tatu bila jibu, arudi alikotoka. Na hilo pia bibi alitufunza sote wawili.

Nimekaa nyuma ya mlango na kalamu. Wamefika.

Hodi! — ya kwanza, sauti ya bwana harusi. Nimenyamaza. Mzungu anauliza kama hamna mtu.

Hodi! — imeshuka hiyo. Sasa Mwidani ananong'ona kwenye ufa wa mlango, dada, usiniaibishe mbele ya watu, nakuomba. Aibu ameijua leo! Namsikia akihema. Hivyo hivyo alivyokuwa akihema utotoni, akivunja kitu na kunikimbilia mimi nimfiche. Nami nilikuwa namficha.

Mzungu amesema wataondoka.

Hodi, dada.

Ya tatu. Mkono mmoja una kalamu, mwingine uko kwenye komeo, na komeo bado sijalivuta.