Ladha ya Chuma katika Chakula cha Nduku

Mpendwa Baba Kioko,

Hapa Kathonzweni jua ni lile lile, mimi ndiye niliyepungua. Miguu imevimba, pumzi ni fupi, na kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu kabla sijakufuata.

Unakumbuka siku nilipopimwa nikakutwa na kisukari kule Kitui, nikiwa bado nafundisha? Jioni hiyo uliondoa bakuli la sukari mezani, ukainywa chai yako hivyo hivyo, uso umeukunja. "Tutakunywa hivi wote wawili, Mwalimu," ulisema. Ukainywa hivyo mpaka ulipotuacha. Kisukari nilikizoea kama jirani mgomvi. Najua akianza kelele nifanye nini. Huu ugonjwa mpya uliingia bila kubisha.

Ulianza mdomoni. Muthokoi wa Nduku, ule wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, uliousifu hadi nikaona wivu, ukawa na ladha ya chuma. Chai, chuma. Hata mboga za kunde. Nikajiuliza: nani anapika? Mke wa mwanao. Kioko yuko kazini Kitui, humu tuko wawili tu. Nikaanza kumchunguza. Mbona anafunika sufuria haraka? Mbona anaongea kwa simu nyuma ya tangi la maji? Mbona kila asubuhi ananiuliza nimelalaje?

Siku Nduku alipoolewa hapa uliniambia, "Huyu usimsahihishe kama daftari." Nilikucheka. Miezi hii nimemwekea alama nyekundu kila alipopita.

Nikaacha chakula chake. Nilimmwagia mbwa nyuma ya nyumba, nikala tu vitu ambavyo mtu hawezi kuvitia kitu: mayai niliyoyamenya mwenyewe, na ndizi mbichi kutoka Mbooni, nikizichemsha na maganda yake. Nilijiona mjanja sana. Tena nikamnong'oneza Mama Mbithe wa kikundi cha akina mama kanisani: "Chakula cha nyumba yangu kina kitu." Hakuuliza kitu gani. Alifumba macho akasema, "Woi, tuombe."

Hospitali ya karibu sikwenda, maana binamu ya Nduku ni muuguzi huko. Nilimdanganya Nduku kwamba nina hamu ya kumwona Kioko, nikaenda Kitui. Daktari akapima damu, kisha akamwita Kioko aingie.

"Figo zimechoka, Mama. Kisukari kimezila polepole. Uchafu unabaki kwenye damu, ndiyo maana mdomo unahisi chuma."

Akauliza ninakula nini. Nilipotaja ndizi, akaweka kalamu chini.

"Kila siku? Hizo ndizo zinakumaliza. Zina madini ambayo figo zako haziwezi kuyatoa. Yakizidi, moyo husimama."

Basi, Baba Kioko, sumu nilikuwa najipikia mwenyewe. Na hata hapo nilimtazama yule daktari nikawaza: nani amemtuma aseme hivi?

Niliporudi nyumbani nilimwambia Nduku ukweli tukichambua kunde.

"Nilijua, Mwaitu, mama yangu," akasema. "Mbwa amenenepa kunishinda mimi." Akacheka kidogo, halafu uso ukabadilika. "Lakini shida yangu si hicho chakula. Ukifa leo, watu watasema ni nani amekuua?"



Sasa nala anachopika, kidogo, bila chumvi, kama daktari alivyoelekeza. Bado ni chuma. Sitakudanganya: kifuniko kikigonga jikoni, shingo yangu hugeuka yenyewe. Akili imeshaelewa, lakini shingo haijaelewa.

Jana niliwaita akina mama wa kikundi. Nduku akapika chai, akampa kila mmoja. Unajua kwetu mgeni hakatai chai. Vikombe vikakaa mezani vikipoa.

"Tumefunga," akasema Mama Mbithe.

Wote, siku moja, na hakuna aliyenitangazia mimi, mzee wa kanisa! Hapo nikajua neno langu limetembea kuliko ninavyoweza kutembea mimi. Nikawaeleza yote: figo, ndizi, mbwa. "Chuma kiko kwenye damu yangu," nikasema. "Hakiko kwenye sufuria ya Nduku. Nilimsingizia."

Mmoja akachukua kikombe, akanywa. Mwingine akamfuata, na mwingine, wakaanza hata kuulizia mandazi. Mama Mbithe akanishika mkono, akasema ananiamini kabisa, ila kufunga ni kufunga.

Walipoondoka, Nduku alikusanya vikombe. Kimoja kilikuwa kimejaa. Alikimwaga nje taratibu, nami nikabaki nimekaa kwenye kiti chako nikimwangalia mgongo.

Namshuku Mama Mbithe kwamba hakuwa amefunga, na najua ni mimi niliyemfundisha kushuku. Nitamwita tena, na tena, nikiwa na pumzi. Nikifika huko kabla hajanywa chai ya Nduku, usikimbilie kunipokea. Niulize kwanza nimemwacha Nduku mikononi mwa nani.

Mkeo anayekuja polepole,
Mama Kioko