Titi la Mwanamume

Jumanne, 3 Juni

Kahawa ya upande wa juu imeiva vibaya, nyekundu na kijani kwenye tawi moja. Nimechuma hadi saa saba. Mvua hakuna. Editha ameanika, akageuza, akageuza tena, kana kwamba isipogeuzwa itatoroka. Mke wangu hajui kukaa.

Wakati wa kuoga nimekigusa tena kile kigumu nyuma ya chuchu ya kushoto. Ukubwa wa punje ya harage. Kipo tangu Krismasi. Hakiumi, na kitu kisichouma si ugonjwa. Ni ule mkungu ulionipiga kifuani mwaka juzi nikikata ndizi. Damu iliganda pale. Sijamwambia mtu na sioni sababu ya kumwambia.

Jumapili, 8 Juni

Mahubiri marefu, benchi gumu. Jioni Editha amekuja na shati langu jeupe la kanisani. Doa dogo la damu, chini ya mfuko. Akauliza ni nini. Nikasema kalamu nyekundu imevuja.

Sina kalamu nyekundu. Anajua sina.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ya kukamua ndizi za pombe kwa miguu. Ndizi zilikuwa zimeiva vizuri shimoni. Tuliingia watatu kwenye mtumbwi wa kukamulia: mimi, jirani yangu Pastory na mwanawe Bernado. Nyasi, miguu, jasho. Shati huwa tunavua, maana utomvu wa ndizi ukiingia kwenye nguo hautoki tena.

Pastory ndiye aliyeona. Chuchu imezama ndani, kama kitovu. Akacheka: "Waitu Mzee Laurenti, unajiandaa kunyonyesha?" Bernado naye akacheka. Na mimi nikacheka, nikiwa na hamu ya kumpiga. Halafu tone likatoka. Jekundu. Likashuka hadi tumboni, mbele ya macho yao.

Pastory alitoka mtumbwini. Alienda bombani akaosha miguu yake kwa sabuni, akarudia. Nimemjua mtu huyu tangu tunachunga mbuzi.

Jumatatu, 16 Juni

Rubisi, pombe yetu ya ndizi, imeshachacha vizuri, mtama umeingia sawasawa. Hakuna aliyekuja na kibuyu. Hata walevi. Hata Mzee wa kona, ambaye hajawahi kukosa. Editha amesikia kisimani: Laurenti ana ugonjwa unaotoka kwa jasho, na jasho limeingia kwenye pombe. Mtumbwi mzima nimeumwaga shambani mwenyewe. Migomba imelewa, watu wana kiu. Wapumbavu wote.

Jana jioni Editha alilitaja lile neno. Saratani. Ya titi. Nimepiga meza, sahani zikaruka. Nikamwambia mimi si mwanamke, sina titi, nina kifua. Na neno hilo lisitajwe tena nyumbani kwangu, na mtu yeyote, kwa sababu yoyote. Nimepaza sauti kuliko nilivyokusudia. Binti yetu Advera alikuwepo, amekuja kutoka Murongo na mtoto kutusalimia. Alinyanyua mtoto akaingia chumbani. Ameondoka leo asubuhi bila kunywa chai.

Aende. Kila mtu anajifanya daktari.

Alhamisi, 19 Juni

Mdogo wangu Deusi amepiga simu kutoka Nkwenda. Habari zimemfikia huko, na wilaya ni nyingine. Kwanza amelaumu simu ninayoweka mfuko wa shati. Nikamwambia simu nimenunua mwaka huu. Basi akabadilisha: ugonjwa wa wanawake haumkamati mwanamume ila ametumiwa na mchawi. Akataka nifikirie ni nani. Sauti yake ilikuwa inaelekea kwa ndugu za Editha, nikamkatia simu.

Lakini nimefikiria siku nzima. Hiyo ndiyo aibu yangu ya leo. Nimepitia watu wote ninaowajua, mmoja mmoja, nikitafuta wa kumchukia.

Jumanne, 24 Juni

Nkwenda. Deusi amenipeleka kwa mtaalamu wake, mtu wa ng'ambo ya mpaka, amepanga chumba nyuma ya soko. Amenichanja kuizunguka chuchu, akaweka pembe, akaumika. Amevuta mpaka macho yangu yakatoa machozi. Mwisho akatema kitu kwenye jani na kutuonyesha. "Ndicho hiki." Cheupe, kinateleza.

Deusi akashukuru kwa mikono miwili. Mimi nimechinja mbuzi maisha yangu yote. Lile ni gegedu la mbuzi. Nimelijua palepale na bado nikasema asante. Kwa nini nimesema asante?

Jumatano, 9 Julai

Chale hazijafunga. Kigumu kipo palepale, kimekuwa kikubwa. Panatoka maji yenye harufu. Nimekaa nje ili nisijinuse, nikajinusa.

Editha leo hakulia, hakubembeleza. Amesimama mlangoni amevaa viatu. Ameniambia kesho kutwa anakwenda kwao, na hatarudi kunizika. Niende hospitali au nikae na Deusi wangu. Miaka thelathini hajawahi kunisemesha hivyo. Nilimchukia kabisa kwa dakika kama kumi.

Jumatatu, 14 Julai

Hospitali ya misheni. Nimemkubalia Editha, tumekuja pamoja. Daktari ni binti, umri wa Advera. Hakuniamkia shikamoo hadi alipomaliza kuandika. Amenishika kifua na makwapa bila haya yoyote. Amesema wanaume nao wana nyama ya titi, kidogo, na kidogo hicho kinaweza kuugua. Nikamwambia asinitukane. Hakukasirika. Hilo limeniudhi zaidi.

Nikamweleza kuhusu mkungu. Amesema pigo halileti saratani. Pigo humfanya mtu ajiguse, ndipo anaikuta. Nikamwambia haiumi. Amesema mwanzoni mara nyingi haiumi, ndiyo maana watu wanamjia wamechelewa. Kila nilichotoa alikuwa na jibu. Nilihisi kama mwanafunzi aliyekosa hesabu zote.

Kisha akauliza ndugu. Nani kwenye ukoo alikufa na kidonda kifuani? Nikasema hakuna. Baadaye, nikiwa tayari nimevaa shati, nikamkumbuka shangazi yangu, nikamtaja. Sisi tulisema amerogwa. Tulimfukuza mke mwenzake kijijini kwa ajili hiyo. Nilikuwa kijana, nami nilibeba fimbo.

Wamechukua kipande kwa sindano. Nje, simu ya Deusi: nisikubali sindano, ikichomwa inatawanyika mwili mzima. Umechelewa, nikamwambia. Wewe uliniumikisha na pembe, leo unaogopa sindano?

Ijumaa, 1 Agosti

Ndiyo yenyewe.

Daktari ameniambia taratibu, akakaa. Haijafika mbali, kadiri wanavyoona. Mwanza watakata, halafu dawa. Nilitaka kumrushia kiti.

Jioni Deusi amekuja na pikipiki, mbio, vumbi hadi kwenye nyusi. Nisikatwe. Kisu kinaiamsha. Wote waliokatwa wamekufa. Nikamwambia nitajie. Akataja watatu. Nawajua wote watatu. Mmoja alikaa na kidonda mwaka mzima anapaka majani. Wa pili alibebwa kwenye machela, harufu inamtangulia. Wa tatu hakukatwa kabisa, walimrudisha, hapakuwa tena na cha kukata. Nikamwomba anitajie mtu mmoja aliyekwenda mapema akafa kwa kisu. Deusi akajipangusa vumbi usoni. Akasema wanaokwenda mapema hawasemi.

Kisha akakasirika kwa sababu nilimshinda. Amesema nikifa kwa wazungu nisizikwe kwenye kibanja, shamba la baba la migomba. Nikamwambia Mwanza hakuna wazungu, kuna Wasukuma. Ameondoka bila kula.

Jumatatu, 18 Agosti

Mwanza. Wodi ya wanaume wa kila ugonjwa, maana ya wagonjwa wa titi ni ya wanawake watupu. Kesho asubuhi.

Jirani wa kitanda ameuliza ninaumwa nini. Nimesema ngiri.

Naogopa. Nimeiandika ili niache kuizungusha kichwani. Naogopa kufa na naogopa zaidi jinsi watakavyosema nimekufa.

Alhamisi, 21 Agosti

Wameondoa yote ya kushoto na vitezi vya kwapani. Bomba linatoka ubavuni, chupa imejaa maji mekundu. Mkono haupandi. Editha ananilisha uji na ananigombeza kila kijiko. Nimeona hofu imeanza kumtoka.

Jumapili, 31 Agosti

Nyumbani. Kanisani leo ilikuwa Meza ya Bwana. Nikapanga mstari kama kila mtu. Aliyekuwa mbele yangu akasogea mbali, na wa nyuma yangu wakanipita mmoja mmoja. Kila mmoja akaona ni heri nipite mwisho. Kwa heshima kabisa, wanainamisha vichwa. Kikombe ni kimoja, nikanywa wa mwisho. Pastory alikuwa wa kwanza kukwepa, na huyu ni mzee wa kanisa.

Nilitaka kugeuka nivue shati palepale, waone kovu, waniambie saratani inaruka vipi kutoka kwenye kovu hadi kwenye kikombe. Editha alinishika mkono mzuri. Sikuvua. Nimerudi nyumbani nimekasirika, na hasira imeniuma kwenye mshono.

Alhamisi, 4 Septemba

Daktari binti amepiga mwenyewe. Dawa za dripu zinaanza mwisho wa mwezi. Halafu akasema jambo ambalo alilisema hata siku ya majibu, sikulisikia: kwa kuwa ni mwanamume, na kwa kuwa kuna shangazi, watoto waambiwe. Wa kike kwa wa kiume. Huenda ipo kwenye damu ya ukoo. Wapimwe.

Nina mtoto mmoja.

Nimezunguka kibanja mara mbili kabla ya kumpigia Advera. Sikujua nianze vipi, nikaanza na mbuzi. Kisha nikasema. Nililitaja lile neno kwa mdomo wangu, saratani, ya titi, ya baba yako. Nikamwambia aende akaangaliwe.

Aliniuliza kigumu changu kilianzaje, nikamweleza. Akasema naye anacho. Karibu na kwapa, upande wa kulia. Tangu Pasaka. Siku ile ya Juni alikuja kutuambia mimi na mama yake. Alikuwa anasubiri nimalize kula.

Nimekaa chini, kwenye majani ya migomba.

Jumatatu, 15 Septemba

Hospitali ya misheni tangu saa mbili. Mimi nimekuja kusafishwa kidonda, Advera kuangaliwa. Amefika na basi la kwanza kutoka Murongo, mtoto amemwacha kwa mama mkwe. Amenipa shikamoo, nikaitikia, tukakaa. Benchi moja. Wanawake kumi na kitu na mimi.

Nilimwuliza kwa nini hakumwambia hata mama yake, kwa siri. Aliangalia mikono yake. "Baba, ungejua ungenipeleka kwa yule wa pembe." Hakusema kwa ubaya. Ni kweli, Juni ningempeleka. Ningemlipia na nauli.

Nimemwomba radhi. Kwa sauti, wanawake wakisikia. Amenivuta kola ikae sawa, bandeji ilikuwa imeonekana.

Mama mmoja mbele yetu aliuliza kama namsindikiza binti. Nikamwambia namsindikiza, na mimi mwenyewe nimekatwa titi mwezi uliopita. Alinitazama juu hadi chini. Wengine wakageuka. Sikuangalia chini.

Tulikula mhogo wa kukaanga tuliokuwa nao. Karibu saa tano mwuguzi akatoka na mafaili, akaita jina la Advera kabla ya langu.