Biskuti za Krismasi Zinanichefua

Jumanne, 11 Desemba 2001

Nimefungua majarini nipime ya biskuti, nikakimbia nje. Nimetapika nyuma ya bafu la ploti, kando ya mtaro wa maji machafu, ambao nao una harufu yake. Uchafu juu ya uchafu.

Majarini. Mimi niliyekuwa nikiilamba kwenye kijiko. Leo inanuka kama soksi iliyolowa. Vanila ni mbaya zaidi.

Na biskuti lazima zipikwe. Tangu niolewe nikaja hapa Noonkopir, Kitengela, kila Krismasi mimi ndiye mpishi wa ploti nzima. Wenzangu wanaleta mayai, unga na sukari, mimi napika, kila mlango unapata mkebe wenye utepe. Nisipopika watauliza kwa nini. Na Mama Shiru wa nyumba ya pili atajijibu mwenyewe, maana macho yake hushuka tumboni mwangu kabla ya salamu.

Hakuna anayejua. Hata mume wangu. Nikimwambia Wycliffe leo, mama yake kule Vihiga atajua kabla ya chai ya saa nne.

Alhamisi, 13 Desemba

Nimeosha mikebe. Ni ya mafuta ya kupikia, nimeikusanya mwaka mzima. Mafuta yameganda chini, ya manjano, yana nywele na mende mmoja. Nimesugua kwa jivu nikiwa nimefunga pua na leso. Mama Naserian, anayetuletea maziwa, akanikuta hivyo.

"Takwenya," akanisalimu Kimaasai.

"Iko," nikajibu ndani ya leso. Akacheka, akadhani ni mchezo.

Maziwa yake yananuka moshi wa kibuyu. Siku zote nimeyapenda kwa sababu hiyo. Leo nimeyamwaga alipotoka tu langoni. Dhambi, najua.

Jumapili, 16 Desemba

Niandike mara moja, nisirudie. Hii ni mimba ya tatu.

Ya kwanza niliitangaza kama harusi. Wakaleta nguo ndogo. Baadaye wakaja walewale kunipa pole, wakanywa chai, wakatazama zile nguo. Ya pili nilinyamaza. Asubuhi moja kichefuchefu kikakoma. Nikafurahi, mjinga mimi. Nikala sahani nzima ya matumbo. Siku chache baadaye, damu.

Safari hii nimeenda kliniki hadi Kajiado, nisikutane na mtu wa Kitengela kwenye benchi. Nesi akataka kunipa dawa ya kuzuia kutapika. Nikakataa. Akaniona kichaa. Nikitapika najua bado yuko. Sina njia nyingine ya kujua.

Kwa hiyo nashukuru. Lakini kuchukia, nachukia kwelikweli.

Jumatano, 19 Desemba

Mama mkwe amefika kula Krismasi. Kuku hai kwenye kikapu, na mfuko wa omena, dagaa wa ziwani. Omena imetundikwa jikoni, na jikoni kwetu ni pazia tu. Nalala na omena.

"Mbona umekonda hivi? Wycliffe hakulishi?"

"Ni kazi tu, Mama."

Akanitazama. Akimaliza kula ananyonya meno. Sauti ile inaingia tumboni moja kwa moja.

Ijumaa, 21 Desemba

Siku ya kupika. Sufuria kubwa yenye mchanga, makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Joto, moshi, majarini. Nilipumua kwa mdomo.

Mama Shiru alikuja kusaidia. Anakata biskuti kwa mdomo wa glasi, analamba vidole, anakata tena. Analamba, anakata. Ina maana kila Krismasi tumekula mate ya Mama Shiru na tukamsifu. Jasho likanitoka.

"Rispa, uko sawa kweli? Ama kuna kitu unatuficha?"

Mama mkwe akadakia bila kuinua macho kwenye makaa.

"Ni hii moshi. Rispa, toka hapa, mimi nitaangalia. Na wewe, hizo vidole, enda uzioshe."

Nikaenda zangu nyuma ya bafu. Jioni mikebe ikatoka, kwa mwenye ploti, kwa Mama Naserian, kwa kila mlango. Mmoja Mama mkwe aliuweka kando.

"Hii ni yako."

Nimeusukuma chini ya kitanda.

Jumapili, 23 Desemba

Nimeamka na njaa.

Nimekunywa chai, imekaa. Nimepita kwenye omena, ni omena tu. Kanisani mwanamke aliyejipaka mafuta ya nazi amekaa mbele yangu ibada nzima. Hakuna kitu.

Sijui mhubiri alihubiri nini.

Jumatatu, 24 Desemba

Bado. Nimekula ugali na mboga, Wycliffe akafurahi, akaniongezea. Ningemrushia ile sahani. Nimeenda chooni mara nyingi kutazama. Hakuna damu. Hata ile mara ya pili hakukuwa na damu mwanzoni.

Najua la kufanya. Mkebe uko chini ya kitanda. Mimba hii majarini haijakosa kunitapisha hata siku moja. Lakini nikifungua nikasikia harufu tamu, nitakuwa nimejua. Siufungui. Nimejichukia kwa woga huu kuliko nilivyochukia omena.

Mama mkwe ameosha vyombo vyote mwenyewe. Nilipoinuka kumsaidia akanirudisha kitini kwa mkono.

Jumanne, 25 Desemba

Wycliffe alikwenda kutafuta makaa. Mama akainama chini ya kitanda kana kwamba ameambiwa, akatoa mkebe, akafungua utepe pole pole. Akauleta mpaka puani mwangu.

"Nusa."

"Mama, sitaki."

"Nusa, mwanangu."

Nikanusa. Mlangoni sikufika. Nimetapika ndani ya viatu vipya vya Wycliffe, vyote viwili.

Mama akanishika mgongo mpaka nikamaliza. Kisha akaleta maji, akaleta jivu, akapeleka viatu nje bila kukunja uso. Nilikuwa nalia na kucheka, na pua imejaa. Aliniambia kitu kimoja tu, kwamba alipombeba Wycliffe alichukia sabuni, na kuna siku mbili chuki hiyo ilimpotea akadhani mtoto hayupo tena, kisha ikarudi. Hakuniuliza lolote. Mama Shiru alipobisha kutaka chumvi, alimpa mlangoni.

Sasa wako nje wanachinja kuku. Nimelala. Mkebe uko kando ya mto wangu. Unanuka vibaya sana. Nimeuacha wazi.