Kinu Nyuma ya Choo

Jumamosi, jua karibu kuzama. Mvua ya kwanza imenyesha mchana, ikaosha vumbi lote la kiangazi kwenye mabati. Ningefurahi, lakini nina hasira, na sina wa kumpelekea maana najikasirikia mwenyewe. Daftari hili masista walinipa niandikie vipimo vya nguo. Leo litapokea mambo mengine.

Nimemfukuza mama yangu.

Si kwa matusi. Kwa uongo tu, tena kwa sauti tamu.

Tunakaa mtaa mpya wa matofali mekundu, ng'ambo ya reli. Tulipohamia, nyumba zilikuwa safu mbili. Sasa ni sita, na kila nikitoka naona msingi mwingine umechimbwa. Hapa wote ni makarani, walimu na mafundi wa reli wenye jina. Sitaki kudanganya mara mbili kwa siku moja: napapenda. Siku ya kwanza niliwasha taa ya umeme na kuizima, nikawasha tena, mpaka Prosper, mume wangu, akaniuliza kama nimerudia utoto.

Lakini mtaa una masharti yake, na mengi hayakuandikwa popote. Hukai chini barazani umenyoosha miguu. Huaniki samaki mbele ya nyumba. Na hutwangi. Mwanamke mmoja alijaribu kutwanga sombe, majani ya muhogo, mwaka jana, madirisha yakafungwa kwa kishindo avenyu nzima, akaacha. Sisi wengine tunanunua sombe iliyotwangwa tayari, tunaipitisha ndani ya kikapu, juu yake mkate.

Mama alifika wiki tatu zilizopita kutoka kwetu Kinkondja, kwa mtumbwi hadi Bukama, kisha treni, na furushi la samaki wakavu na kinu chake. Amekuja kwa sababu mimba yangu ya kwanza ina miezi minane na ninaogopa. Kwetu mama ndiye anayemkanda binti kwa maji ya moto akijifungua, na unga wa uji wake anautwanga mwenyewe. Kile kinu nilikipokea kwa mikono miwili, nikakificha nyuma ya choo chini ya gunia.

Jumatano Prosper akaleta habari: wakaguzi watapita mtaani Jumamosi kwa ajili ya kadi ya evoluwe, ile karatasi ya wazungu inayosema kwamba tumeendelea. Wanatazama mashuka, wanafungua kabati, wanauliza kama mke anakula mezani na mumewe. Prosper ameingoja kadi hiyo miaka. Hakuniambia nimtoe mama, lazima niandike hivyo. Alimtazama tu mama, aliyekaa sakafuni akichagua maharage, kisha akanitazama mimi.

Yaliyobaki niliyafanya mwenyewe.

Jana jioni nilimwambia mama kwamba wanakuja kupuliza dawa ya mbu, itamchoma kifua, heri akalale kwa mama mdogo kwenye kambi ya zamani ya wafanyakazi wa reli. Akatazama kuta, akasema, "Ni muzuri." Akajifunga kitambaa, akaenda. Hakuuliza atarudi lini.

Leo asubuhi wakaja, mzungu mmoja na makarani wawili. Wakauliza nani anakaa humu. Prosper akajibu, mimi na mke wangu. Nilikuwa nimeshika sinia la kahawa, nikanyamaza. Walikaa robo saa.

Robo saa!

Mvua ilipokatika nikaenda kumchukua. Kwenye reli nikakutana na Mama Albertine, jirani mwenye mapazia ya lasi, anayenisalimia kupitia dirishani. Viatu vyake vizuri vimejaa matope. Nikamuuliza anakwenda wapi, akasema anatembea. Nikasema na mimi natembea. Tukatembea pamoja, waongo wawili njia moja, mpaka wote tukakata kona kwenye ua ule ule wa mama mdogo.

Nilisikia michi kabla sijaona mtu. Walikuwa mama saba au wanane: mama wa mwalimu, mama mkwe wa Mama Albertine, mama wa fundi wa nyumba ya kona. Wote wa avenyu yetu! Mmoja aliambiwa dawa, mwingine rangi, mwingine wageni. Na mimi nilidhani ni nyumba yangu tu iliyoficha mtu. Walikuwa wanatwanga sombe kwa zamu na kucheka, na mama yangu ndiye aliyecheka kuliko wote. Wiki tatu kwangu sikuwahi kukisikia kicheko hicho.

Mama Albertine aliketi chini pale pale, akalia. Nikamcheka, kisha nikalia vilevile.

"Mama, twende. Dawa imekauka."

"Dawa gani?" Hakuinua hata macho. "Nyumba yako iko muzuri, mutoto wangu. Lakini kule hata kukohoa ni mpaka niombe ruhusa. Miye nitabakia huku na benzangu."

"Na mimba, mama?"

Hapo akanitazama.

"Kinu yangu uliificha ku choo. Uitoshe pale, uiweke mbele ya nyumba. Siku nitasikia weye unatwanga, njo nitarudia. Huku tunasikia kila kitu."

Nimerudi peke yangu, nikamweleza Prosper. Akasema, "Ngoja kadi itoke kwanza." Sikumkasirikia, najua ameitaka kiasi gani. Nikamwambia mtoto hataingoja kadi. Nilipokuwa ninahangaika na lile gunia alikuja akashika upande wa pili.

Sasa kinu kiko barazani, nimekifuta. Sombe imeoshwa. Avenyu imetulia, mapazia yote yameshushwa, na mimi naogopa kama mwizi mbele ya nyumba yangu mwenyewe.

Naweka kalamu chini, nashika mchi.

Mama, sikiliza.