Disketi Kumi na Tatu Bila Kukwama

Isamilo, Mwanza

Dada yangu Koleta,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima kuliko mimi niliyeiandika. Macho ya Mama vipi? Bado anamsalimia mbuzi akidhani ni jirani? Mwambie nimecheka, ila usimwambie kwamba niliishia katikati.

Najua ameshafunga mzigo aje nimpeleke hospitali akatolewe mtoto wa jicho. Kabla hujampandisha basi hapo Ngara, soma hii mpaka mwisho.

Unakumbuka nilipopunguzwa kazi kwenye pamba, akaniokoa yule mzee mnunuzi wa samaki: nimchapie barua nyumbani kwake kwa kompyuta, nilale chumba cha uani. Kazi ile niliilinda kwa ujanja. Kompyuta ilikuwa kioo cheusi tu, haitii mpaka uiandikie amri, na amri zote zilikuwa kwenye daftari langu. Nikaongeza na sheria: hakuna kuingia chumba chake na viatu. Mke wa mzee akaidarizia kompyuta kitambaa cha kuifunika. Hata mchungaji alipokuja kuombea nyumba alivua mlangoni, kama Musa.

Mwezi uliopita mzee akarudi kutoka Nairobi na disketi kumi na tatu. Mfumo mpya wa kuiendesha.

"Utaweza?"

"Hapa ni siku mbili, mzee. Na inaweza kufa."

Nilitaka aogope. Dada, haikufa. Nilianza baada ya chai. Ikameza disketi, ikaomba nyingine, nailisha kama mtoto asiye na homa. Haikukwama hata mara moja. Barua za zamani zote zimo, zimetulia kama nilivyoziacha. Ningeweza kuharibu disketi moja nikasema ilikuja mbovu, kidole kilishafika. Lakini nilitaka kujua kama naweza. Basi, sasa najua.

Kabla ugali haujaiva, kioo kikawaka kwa rangi na vijipicha. Mke wa mzee akashika mausi, kile kidude cha kusukuma kwa kiganja, akabonyeza mara mbili, akaandika jina lake.

"Kumbe ni hivi tu? Na wewe miaka yote hii unatuvulisha viatu!"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mwache bwana, alikuwa kuhani."

Tangu siku hiyo barua anachapa mkewe. Hakuna aliyenifukuza, watu hawa ni wastaarabu. Mzee kasema tu, "Kijana, umefanya kazi nzuri, sasa hatuna cha kukusumbua." Mwisho wa mwezi chumba changu kinawekwa nyavu.

Nimezunguka ofisi za mjini na daftari langu. Kila ninapoingia nakuta mausi. Sasa Mama nimlaze wapi? Mwanza ina mawe mengi, Dada, lakini sijaona lenye mlango.

Jana niliingia nyumba kubwa kuwaaga. Mkewe alikuwa anachapa, viatu miguuni, kitambaa kimehamia kwenye redio. Nilisimama pale muda mrefu ndipo nikagundua kwamba vyangu nimeviacha mlangoni.

Nisalimie shemeji, na wanao, na huyo jirani anayefanana na mbuzi. Mama mwambie daktari wa macho amesafiri. Usimwambie kwamba nimepoteza kazi kwa kuifanya vizuri. Haoni, lakini hilo atalielewa haraka kuliko mimi.

Ni mimi mdogo wako, peku,
Deusi